Kubadili Dawa za Sonona Usingizi Unapogoma

Sonona ya muda mrefu na kukosa usingizi ni matatizo yanayolishana. Mwenye sonona hushtuka saa tisa au saa kumi usiku, mapema kuliko alivyozoea, akabaki macho makavu hadi kunapambazuka. Naye anayekesha kwa miezi mfululizo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa na sonona, au ya sonona aliyokwisha kupona kumrudia. Kwa hiyo mgonjwa anaporudi kliniki na kusema dawa haimsaidii, mara nyingi hatangulizi huzuni. Hutangulia kusema kwamba halali. Uamuzi wa kumbadilishia dawa huegemea sana usiku wake, na hapo pana mtego, kwa kuwa katika wiki za kubadili dawa usingizi hutoa ushahidi unaopotosha kupita dalili nyingine zote.

Dawa za kwanza za sonona ziligunduliwa bila kukusudiwa. Mwaka 1952, wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Sea View, New York, walipewa iproniazidi kwa ajili ya mapafu, nao wakachangamka na kurudiwa na hamu ya kula kwa namna iliyowashangaza madaktari. Miaka michache baadaye huko Uswisi, daktari Roland Kuhn alitambua kwamba imipramini huinua watu waliozama katika huzuni. Amitriptilini ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, na fluoksetini ikaidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987. Leo kuna aina nyingi, lakini amitriptilini na fluoksetini ndizo zilizomo kwa miaka mingi katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mgonjwa wa hospitali ya serikali Tanzania au Kenya, kubadilishiwa dawa mara nyingi ni kutolewa kwenye moja ya hizo mbili na kuwekwa kwenye nyingine.

Kabla ya kubadili, kuna maswali ambayo haraka ya kliniki yenye foleni huyaruka. La kwanza ni muda. Dawa za sonona huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, na hukumu ya haki huhitaji wiki 4 hadi 6 za dozi inayotosha, imezwayo kila siku. Aliyekaa miezi minne kwenye miligramu 25 za amitriptilini hajashindwa na dawa: kwa watu wazima wengi hiyo ni dozi ya kuanzia tu. La pili ni saa ya kumeza. Fluoksetini huwachangamsha baadhi ya watu, na anayeimeza baada ya chakula cha jioni anaweza kukesha kwa sababu hiyo tu. Kuihamishia asubuhi hakugharimu kitu.

Swali la tatu ni mambo mengine yanayomkosesha usingizi. Waliotumia efavirenzi kutibu virusi vya UKIMWI wanazikumbuka ndoto zake kali. Dolutegraviri, iliyochukua nafasi yake katika nchi nyingi za Afrika, huwakosesha baadhi ya watu usingizi ikimezwa usiku. Prednisoloni nayo hukesheza, na hivyo hivyo miraa na kahawa za jioni. Pombe humlaza mtu haraka kisha ikamwamsha usiku wa manane, jambo ambalo wanywaji wengi hawalihusishi na glasi zao. Ugonjwa wa tezi ya shingoni unaweza kuvaa sura ya sonona kabisa, na kipimo cha damu huubaini.

Swali la nne ni zito kuliko yote. Kukosa usingizi ni tofauti na kutohitaji usingizi. Mtu anayelala kwa muda wa saa tatu tu akaamka na nguvu tele, maneno hayamwishi, mipango mikubwa kichwani na fedha zinamtoka ovyo, huenda hana sonona peke yake bali ana ugonjwa wa hisia wenye ncha mbili. Kwa huyo, dawa ya sonona bila dawa ya kutuliza hisia inaweza kumpandisha zaidi. Yeye mwenyewe huwa hajioni mgonjwa siku hizo, kwa hiyo aghalabu ni mke, mume au ndugu wa nyumba moja anayeweza kumweleza daktari habari hii.

Ikishaamuliwa kubadili, njia ni tatu. Ya kwanza ni kuacha dawa leo na kuanza nyingine kesho, njia inayokubalika mara nyingi kati ya dawa za kundi moja, mfano kutoka sitalopramu kwenda sertralini. Ya pili ni kuzipishanisha: ya zamani inashushwa kidogo kidogo huku mpya ikipandishwa. Ya tatu ni kuacha kabisa, kungoja mwili usafike, ndipo kuanza. Hiyo ya mwisho ni lazima kwa dawa za ukoo wa iproniazidi, zinazozuia kimeng'enya cha monoamini: kati yake na dawa nyingi za sonona hutakiwa kupita wiki 2. Fluoksetini ikitangulia, wiki hizo huwa 5, kwa sababu mwili huibadili kuwa kemikali nyingine inayobaki ndani kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho.

Mfano wa mtu anayetoka amitriptilini kwenda fluoksetini unaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuchanganyika. Amekuwa akimeza miligramu 75 kila usiku. Usingizi ulikuwa mzuri mwanzoni, lakini kinywa kinakauka, choo kigumu, akisimama ghafla anaona kizunguzungu, na huzuni haijaondoka. Daktari anaipunguza amitriptilini kwa nusu au zaidi na kumwanzishia fluoksetini miligramu 20 asubuhi. Sasa fluoksetini hudhoofisha kimeng'enya cha ini kinachoivunja amitriptilini, hivyo ile kidogo iliyobaki hujikusanya kwenye damu na kufanya kazi kama dozi kubwa. Wiki ya kwanza mgonjwa anaweza kulala fofofo na kuisifu dawa mpya. Amitriptilini inapoondolewa yote, kilichokuwa kikimlaza kinakwisha, na fluoksetini bado haijatimiza muda wa kuinua hisia. Huenda wiki ya tatu au ya nne ndiyo mbaya kuliko zote: usingizi wa vipande vipande, ndoto nyingi, wasiwasi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudia makopo ya zamani kwa hiari yao, siku chache tu kabla dawa mpya haijapata nafasi ya kujionyesha.

Kurudia makopo ya zamani kuna hatari nyingine. Amitriptilini ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua, na ikikutana na fluoksetini kiwango chake hupanda zaidi. Wazee na wenye maradhi ya moyo ndio wa kuogopewa zaidi. Vidonge vilivyobaki baada ya kubadilishiwa vinafaa kurudishwa famasia, visisahauliwe kabatini, hasa katika nyumba ya mtu aliyewahi kuwa na mawazo ya kujiua. Safari ya kinyume, kutoka fluoksetini kwenda amitriptilini, hutaka subira: fluoksetini huachwa, siku kadhaa hupita, kisha amitriptilini huanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole mno, maana athari ya fluoksetini kwenye ini huendelea kwa wiki kadhaa.

Ndoto nazo zina maelezo yake. Dawa nyingi za sonona hupunguza ile sehemu ya usingizi ambamo macho hucheza chini ya kope na ndoto huotwa kwa wingi. Dawa ikikatwa ghafla, sehemu hiyo hurudi kwa kishindo, na mtu hupata jinamizi usiku kucha. Huambatana na kizunguzungu, kichefuchefu, hasira za karibu, na hisia ya mshtuko kama wa umeme unaopita kichwani mtu anapogeuza macho. Venlafaksini na paroksetini, ambazo hutoka mwilini haraka, ndizo zinazosumbua zaidi. Fluoksetini hujipunguza yenyewe taratibu. Dalili hizi huanza ndani ya siku chache za kushusha dozi, wakati sonona inayorudi huchukua wiki au miezi. Tofauti hiyo ya tarehe ndiyo kipimo bora alichonacho daktari, na ndiyo sababu daftari la shule lenye safu nne tu, yaani tarehe, dozi, saa ya kulala na saa ya kuamka, huweza kusaidia kuliko maelezo marefu ya kukumbukia.

Kushusha dozi nako si kugawanya kwa mafungu sawa. Mwaka 2019, Mark Horowitz na David Taylor walieleza katika jarida la Lancet Psychiatry kwamba dozi ndogo tayari hushika sehemu kubwa ya maeneo ambayo dawa huyalenga ubongoni. Kutoka miligramu 40 hadi 20 mabadiliko ni madogo; kutoka 5 hadi sifuri ni makubwa. Ni ngazi ambayo vipandio vyake vya chini kabisa ndivyo vyenye kina kirefu. Aliyeshuka vizuri kwa miezi anaweza kuteseka mwishoni, na dawa yake ni kupunguza vipande vidogo zaidi kwa muda mrefu zaidi.

Hatari ya dharura katika kupishanisha dawa ni serotonini, kemikali ya ubongoni, kuzidi. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huharisha, moyo humwenda mbio, misuli hukaza au kurukaruka, na homa hupanda. Huyo hapelekwi kulala, hupelekwa hospitali mara moja. Mara nyingi si dawa za sonona peke yake zinazosababisha. Tramadoli ya maumivu huchangia, na dekstrometofani iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi pia. Linezolidi, inayotumika kutibu kifua kikuu sugu, huzuia kimeng'enya kilekile ambacho iproniazidi ilikizuia pale Sea View. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu mwenye sonona anahitaji kliniki zake mbili zizungumze.

Vijana walio chini ya miaka 25 hufuatiliwa kwa karibu katika wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilika, kwa kuwa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kuhusu hilo mwaka 2004 kwa watoto na vijana wadogo, na mwaka 2007 ikalipanua hadi kwa vijana wa miaka 18 hadi 24.

Usingizi wenyewe huweza kutibiwa bila kungoja sonona iishe. Diazepamu hutuliza, lakini ikipita wiki 2 hadi 4 mwili huizoea na kuiacha kunakuwa kesi nyingine. Piriton na dawa nyingine za mzio zinazonunuliwa dukani huleta usingizi mzito kwa siku chache tu, kisha zikabaki na ukavu wa kinywa, na kwa mzee kuchanganyikiwa. Mirtazapini hulaza vizuri, lakini huongeza uzito. Matibabu yenye ushahidi imara kwa kukesha kwa muda mrefu hayana kidonge: kuamka saa ileile kila siku hata baada ya usiku mbaya, kutokaa kitandani macho yakiwa makavu, kupunguza saa za kulala hadi zikaribie zile mtu anazolala kweli, kisha kuziongeza kidogo kidogo. Mwenye ugonjwa wa ncha mbili au kifafa hafanyi hilo la mwisho bila usimamizi, kwani kupungukiwa usingizi kunaweza kumchochea.

Matarajio ya haki yanatokana zaidi na utafiti wa STAR*D wa Marekani, uliowafuatilia watu zaidi ya 4,000 na kutoa matokeo yake makuu mwaka 2006. Kama theluthi moja walipona kwa dawa ya kwanza, na kiasi kinachokaribia hicho kati ya walioingia hatua ya pili. Hatua ya tatu na ya nne zilishuka hadi kama watu 13 au 14 kati ya 100. Waliochambua upya data hizo mwaka 2023 walipata viwango vya chini zaidi. Ndiyo maana baada ya dawa mbili kushindwa daktari huacha kubadilisha tu: huongeza litiamu au dawa nyingine juu ya iliyopo, huunganisha na tiba ya mazungumzo, au hupendekeza tiba ya umeme chini ya nusukaputi.

Dawa iliyofaa huendelezwa kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, na miaka 2 au zaidi kwa aliyewahi kurudiwa na sonona. Usingizi ukiwa bado haujatengemaa wakati hisia zimeshapona, dozi haishushwi kwanza, kwa sababu kukesha kunakobaki ni miongoni mwa dalili za mapema kwamba sonona inaweza kurudi.