Siku Moja Efeso: Bandari Iliyojaa Tope na Upendo wa Kwanza

Tuliondoka Izmir alfajiri, tukasali Masifu ya Asubuhi ndani ya basi. Mji huo wa Uturuki ndio Smirna ya kale, mojawapo ya makanisa saba yanayotajwa katika Kitabu cha Ufunuo. Kutoka hapo hadi magofu ya Efeso ni mwendo wa kilomita 80 hivi. Mahujaji wengi hulitembelea eneo hilo kwa siku moja na kurudi jioni, nasi tulifanya vivyo hivyo.

Kitu cha kwanza tulichokitafuta hatukukiona, nacho ni bahari. Katika Matendo ya Mitume, Efeso ni mji wa bandari, na Mtume Paulo alifika hapo kwa merikebu. Leo barabara pana ya marumaru inashuka kuelekea bandarini, lakini inaishia kwenye majani na ardhi tepetepe. Bahari ipo mbali, kilomita kadhaa kutoka hapo. Mto uliopita karibu na mji, ambao watu wa kale waliuita Kaistro, ulileta tope kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Watawala wa Kirumi walijaribu zaidi ya mara moja kuichimbua bandari, lakini tope lilirudi. Meli zilipokosa pa kutia nanga biashara ilidhoofika, na hatimaye mji ukahamwa.

Katika mji huo Paulo alifundisha kwa muda wa miaka miwili katika darasa la Tirano. Waliokuwa wachawi walivileta vitabu vyao na kuviteketeza hadharani. Wafua fedha waliotengeneza vihekalu vya mungu Artemi waliona mapato yao yakitishiwa, wakazusha ghasia (rej. Mdo 19). Tuliketi katika ukumbi ule wa wazi ambamo umati ulipiga kelele kwa saa mbili. Ukumbi huo umejengwa ubavuni mwa kilima, na unakadiriwa kuchukua watu 25,000. Hekalu la Artemi lenyewe lilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia ya kale. Leo imesimama nguzo moja tu kinamasini, nayo imeunganishwa kwa vipande vilivyookotwa.

Kisha tuliingia katika magofu ya kanisa la Bikira Maria. Mapokeo yanalihusisha kanisa hili na Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431. Nestorio, Askofu wa Konstantinopoli, alisita kumwita Maria Mama wa Mungu. Aliona inatosha kumwita Mama wa Kristo. Mababa wa Mtaguso, wakiongozwa na Mtakatifu Sirili wa Aleksandria, waliona hatari iliyokuwamo. Aliyezaliwa na Maria ni Nafsi moja, Mungu kweli na mtu kweli. Hatuwezi kumgawa Kristo kuwa wawili, mmoja wa kuabudiwa na mwingine wa kuzaliwa. Kwa hiyo kila tunaposali Salamu Maria na kumwita Mama wa Mungu, tunaikiri imani iliyotetewa mahali hapo.

Tukiwa bado hapo, mama mmoja mzee wa kundi letu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Padre, hawa waliokuwa wakisali hapa, wajukuu wao wako wapi?"

Nilimjibu kwa historia: bandari iliyokufa, matetemeko ya ardhi, vita na tawala zilizobadilika, hata makubaliano ya mwaka 1923 ambayo kwayo Wakristo wengi wa Kiorthodoksi walihamishwa kutoka Uturuki kwenda Ugiriki. Yote hayo ni kweli, na haifai mtu kuwahukumu waamini waliopatwa na mateso hayo. Hata hivyo niliona kwamba mama yule alikuwa anauliza jambo jingine.

Alasiri tulipanda mlimani hadi nyumba ndogo ya mawe iitwayo Nyumba ya Maria. Mwaka 1891 mapadre Walazaristi wa Izmir waliitambua kwa kufuata maandishi ya njozi za mtawa Mjerumani, Mwenye heri Anna Katharina Emmerich, aliyefariki mwaka 1824. Kanisa halijatamka rasmi kwamba Bikira Maria aliishi humo. Yapo pia mapokeo ya kale yanayoielekeza Yerusalemu miaka yake ya mwisho. Lakini Kanisa limepaheshimu kama mahali pa sala. Mtakatifu Paulo VI alifika mwaka 1967, Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1979 na Papa Benedikto XVI mwaka 2006. Waislamu nao huja kumheshimu Mariamu. Tuliadhimisha Misa Takatifu hapo, na somo nililolichagua ni ujumbe kwa Kanisa la Efeso (rej. Ufu 2:1-7).

Bwana anawasifu Waefeso kwa taabu yao, uvumilivu wao na bidii ya kuwakataa mitume wa uongo. Kosa lao ni moja: wameuacha upendo wa kwanza. Hapo nilipata jibu la yule mama. Upendo hupoa kama bandari ile ilivyojaa tope, na asiyechimbua kila mwaka hushtuka siku ambayo meli haiingii tena. Mimi mwenyewe, baada ya miaka altareni, najua jinsi Sala ya Kanisa inavyoweza kugeuka kuwa ratiba tu. Parokiani nako twaweza kukamilisha michango ya ujenzi na mahudhurio ya Jumuiya Ndogo Ndogo, huku mgonjwa wa nyumba ya tatu hajatembelewa tangu Kwaresima.

Dawa imetolewa katika ujumbe uleule: kukumbuka, kutubu na kurudia matendo ya mwanzo. Inaelekea Waefeso walisikia. Miaka michache baadaye Mtakatifu Ignasi wa Antiokia, akipelekwa Roma kuuawa, aliwaandikia barua kutoka Smirna akiusifu umoja wao na askofu wao.

Jioni, ndani ya basi, nilimweleza mama yule hayo yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba akifika nyumbani ataanza na jirani yake ambaye hawajasalimiana tangu mwaka jana.