Georg Luck na Msamiati wa Uchawi wa Kale

Georg Luck hakuanza na uchawi. Alizaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1926, akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, na akafariki mwaka 2013. Kitabu chake cha mwaka 1959 kilihusu mashairi ya mapenzi ya Kilatini. Baadaye alihariri matini za Ovid na Tibullus, kazi inayomlazimu mtu kupima neno moja moja kabla ya kulikubali. Nidhamu hiyo ndiyo aliyoingia nayo katika Arcana Mundi, yaani “siri za ulimwengu”, kitabu cha rejea kilichotoka mwaka 1985 na kutolewa upya mwaka 2006.

Kitabu kina sura sita: uchawi, miujiza, mapepo, uaguzi, unajimu na alkemia. Kila sura hufunguliwa kwa maelezo, kisha hufuata matini za Kiyunani na Kilatini zilizotafsiriwa na kufafanuliwa. Toleo la pili liliongezewa faharasa ya istilahi za kichawi, na kwa mwanaleksikografia hiyo huenda ndiyo sehemu yenye manufaa zaidi, kwani ugumu wa somo lenyewe umo katika maneno.

Chukua neno pharmakon la Kiyunani. Ni dawa, ni sumu, tena ni kitu cha kurogea. Mtafsiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua moja na kuyaacha mengine. Mswahili analo neno “dawa”, linalomponya mgonjwa, linaloua panya, na linalofungwa katika hirizi. Kilatini nacho kiliita kosa la kulisha sumu na kosa la kuroga kwa jina moja, veneficium, na sheria ya Kirumi ya mwaka 81 kabla ya Kristo ikayaadhibu pamoja.

Hatari ya jambo hili ilimfika Apuleius, mwandishi wa Afrika ya Kaskazini, aliyeshtakiwa Sabratha, katika Libya ya leo, karibu na mwaka 158. Alikuwa amemwoa mjane tajiri aliyemzidi umri, na jamaa za mjane wakadai kwamba alimroga. Ushahidi mmojawapo ulikuwa kwamba alinunua samaki wa namna isiyo ya kawaida. Apuleius alijibu kama mwanaisimu: magus, alisema, kwa Waajemi ni kuhani tu, na samaki aliwapasua kwa ajili ya elimu. Hotuba hiyo imehifadhiwa hadi leo. Maisha ya mtu yalitegemea fasili ya neno moja.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Sabratha ili aelewe. Lugha yake hutenga mchawi, adhuruye, na mganga, atibuye, ijapokuwa mstari huo huvukwa mara nyingi katika mazungumzo, na neno moja la Kiingereza lililotumika katika sheria za kikoloni, ile ya Kenya ya mwaka 1925 na ile ya Tanganyika ya mwaka 1928, halikuuheshimu sana.

Zaidi ya hayo, baadhi ya istilahi alizozishughulikia Luck zilifika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa njia ya Kiarabu. Telesma la Kiyunani likawa tilsam, kisha talasimu. Elimu ya nyota ya Ptolemy wa Aleksandria ilitafsiriwa kwa Kiarabu, na ndani ya mkondo huo wanafalaki wa Kiswahili walipata buruji zao kumi na mbili: Hamali, Thauri, Jauza na nyinginezo. Ramli, kwa upande mwingine, haitokani na Wayunani. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga, kwa kuwa alama zake zilichorwa mchangani.

Basi atakayeitafsiri Arcana Mundi kwa Kiswahili atakuta sura ya unajimu imekwisha kupata nusu ya msamiati wake. Sura ya kwanza ndiyo itakayomtoa jasho, tangu kichwa chake: aite “uchawi”, neno ambalo tayari limekwisha kuhukumu, au “uganga”, linalotetea?