Usikimbilie Daladala Baada ya Sindano

Wapo wagonjwa ambao wakitoka zahanati na vidonge peke yake huona kama hawajatibiwa. Wanataka sindano, na siku hizi sindano yenyewe mara nyingi ni seftriaksoni, ile poda ya kwenye kichupa cha kioo. Dawa nzuri hiyo. Imeokoa wengi wenye homa ya uti wa mgongo, nimonia kali na maambukizi ya damu, na kwa sababu hiyohiyo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la antibiotiki za kutumiwa kwa uangalizi. Si dawa ya mafua, hata mgonjwa abembeleze vipi.

Kichupa hicho kimoja kina njia mbili, na hapo ndipo pa kufungua macho. Ikichomwa kwenye msuli, poda huchanganywa na lignokeini, dawa ya ganzi, maana bila ganzi inauma kwelikweli. Ikipitia kwenye mshipa, huchanganywa na maji maalumu ya sindano, kisha husukumwa polepole kwa dakika 2 hadi 4, au huwekwa kwenye dripu ya takriban nusu saa. Ule mchanganyiko wenye lignokeini ukiingizwa kwenye mshipa kwa bahati mbaya, unaweza kuvuruga mapigo ya moyo au kuleta degedege. Kwa hiyo uliza: “Dada, hii unanichoma kwenye msuli au kwenye mshipa? Umechanganya na nini?” Nesi anayeijua kazi yake hanuni kwa swali hilo. Na bomba la sindano lifunguliwe mbele yako.

Kwa watoto wachanga tahadhari ni kubwa zaidi. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya vichanga kufariki: seftriaksoni ilikutana na kalsiamu iliyotolewa kwa dripu, ikaganda chembechembe kwenye mapafu na figo. Mtoto wa chini ya siku 28 anayepewa dripu yenye kalsiamu hapewi dawa hii. Hata kwa mtu mzima, seftriaksoni haichanganywi na dripu ya Ringer, ambayo ina kalsiamu.

Halafu kuna mzio. “Una aleji?” huulizwa mbiombio na kujibiwa “sina” mbiombio vilevile. Jibu lenye msaada ni simulizi: niliwahi kumeza amoksilini nikavimba midomo, mwanangu alichomwa penisilini akatoka vipele. Dawa hizi ni za ukoo mmoja. Si kila aliyedhurika na penisilini atadhurika na seftriaksoni, ila aliyewahi kubanwa pumzi lazima daktari ajue kabla kichupa hakijafunguliwa.

Ukishachomwa, kaa kwenye benchi nusu saa. Mzio mkali kwa kawaida hujitokeza ndani ya muda huo, na ukianza huna nafasi ya kurudi kutoka kituo cha daladala. Mwili mzima unawasha, koo linakaba, kifua kinabana, macho yanaingia kiza. Sema hapohapo. Ulazwe chali, miguu iinuliwe, na usisimamishwe ghafla. Anayehema kwa shida aachwe akae. Tiba ya kwanza ni adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, ichomwe kwenye msuli wa paja upande wa nje. Haidrokotisoni na dawa za kuzuia muwasho hutangulizwa mno huku kwetu, ilhali hazishiki nafasi yake. Kituo kisicho na adrenalini mkononi, kwa maoni yangu, hakina ruhusa ya kuchoma antibiotiki.

Jambo la mwisho ni kanula, kile kimrija kinachoachwa kwenye mshipa. Wapo wanaoruhusiwa kwenda nayo nyumbani, wakirudi kituoni kwa dozi zinazofuata. Isiloweshwe, plasta isibanduliwe. Mkono ukivimba, ukiwa mwekundu au ukiuma dawa inaposukumwa, itolewe siku hiyohiyo, hata kama imebaki dozi moja. Na homa ikishashuka, mwulize daktari kama dozi zilizobaki unaweza kuzimeza.