Mashini ya CNC inasimama yenyewe? Anza na waya

Ubao wa libuyu uko juu ya meza, mashini ya kujitengenezea inachonga vizuri, na kisha dakika kumi inasimama. Programu inasema kama swichi ya mwisho imeguswa, lakini hakuna kitu kimeigusa. Ubao umeharibika, na mteja anangojea mlango wake.

Wengi hapo wanakimbilia kununua karte mpya. Mara nyingi karte haina kosa. Vurugu inatoka mu variateri, kile kisanduku chenye kuendesha moteri ya kukatia. Kinapokea volti 220, kinazigeuza kuwa karibu 310 zenye kutembea upande mmoja, kisha kinazikatakata mara maelfu kwa sekunde. Kila mkato unarusha mshtuko mu waya za karibu. Na waya za swichi mara nyingi zinabeba volti 5 tu: zikiwa ndefu, zinakamata ile vurugu sawa antena ya redio.

Ili kujua, endesha kazi hewani, bila ubao, moteri ya kukatia ikiwa imezimwa. Kisha uiwashe, urudilie. Kama inasimama mara ya pili tu, hapo vurugu njo ya kutafuta.

Kwanza, tenganisha. Waya za moteri zipite upande wao, za swichi upande wao, sentimetri 20 ao 30 katikati. Kama lazima zikutane, zivukane sawa musalaba, zisitembee pamoja. Hii haiombe hata franka moja.

Pili, waya wa moteri ya kukatia uwe na ngozi ya chuma, yenye kufungwa pande zote mbili: ku mwili wa moteri na ku ardhi ya variateri. Ngozi ya waya za swichi, yenyewe ifungwe upande wa karte tu.

Tatu, ku kila mlango wa swichi mu karte, weka rezista ya kilo-omu 1 mu njia ya waya, na kondensa ya nanofaradi 100 kati ya ule mlango na masi. Vurugu fupi inamezwa, mguso wa kweli unapita. Tumia pia swichi yenye kubakia imefungwa wakati haijaguswa: waya ikikatika, mashini inasimama, haiendi kujigonga.

Ya mwisho njo kubwa: ardhi. Chuma ya mashini na variateri vifungwe ku nukta moja ya ardhi. Mu nyumba mingi prizi haina ile waya ya tatu. Hapo si maneno ya mbao tena: waya wa moto ukigusa chuma, mashini inaweza kuua mtu. Omba fundi wa umeme aweke ardhi ya kweli na disjonkteri yenye kulingana na variateri. Na mbele ya kufungua kile kisanduku, chomoa prizi na ungoje dakika zenye kuandikwa juu yake, kwa sababu kondensa za ndani zinabakia na moto.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha kingine. Hivi utajua ni nini ilikuwa inakusumbua, na feza ya karte mpya itabakia mu mfuko.