Gari Mbili za Umeme: Ipi Iwafaayo Watu wa Nyumbani?

Wasomaji wetu, anunuaye gari hununua pia nafasi ya watoto wake na ya wazazi wake. Basi twapenda kuwapimia gari mbili za umeme za makampuni ya Kijerumani, zote za bei ya juu: BMW iX, iliyotoka mwaka 2021, na Mercedes-Benz EQS SUV, iliyotoka mwaka 2022.

Kwa nguvu hazipitani sana. Betri ya EQS SUV, na ya iX xDrive50, hupita kilowati-saa 100; na penye kituo chenye nguvu hujaa toka asilimia 10 hata 80 kwa muda usiofika dakika 40. Tofauti imo ndani: iX ni ya watu 5 tu, EQS SUV yaweza kuwa na safu ya tatu, wakaenea watu 7.

Mwenye mke na watoto wawili, iX yamtosha. Ama mwenye watoto wanne na mama mzazi nyumbani, asighurike na sura wala mbio. Akichagua ya watu 5, kila safari wawili watabaki mlangoni, na aghalabu mmoja wao huwa ni yule mzee.

Na kwanza ajiulize: nyumbani pana mahali pa kuitia umeme usiku? Pasipokuwapo, zote mbili zitamsumbua.