Kabla ya Kununua Winchi, Ijaribu Breki

Katika maduka ya mitambo na vifaa vya ujenzi ya Kariakoo na Gerezani, mnunuzi wa winchi huambiwa mambo mawili: inanyanyua kilo ngapi na inauzwa shilingi ngapi. Swali la tatu, ambalo ndilo lililobeba uhai wa watu, huulizwa kwa nadra: mzigo ukiwa juu, ni kitu gani kinachouzuia usianguke? Kitu hicho ni breki. Makala hii inamhusu mlaji anayejenga ghorofa, anayechimba kisima au anayepandisha tangi la maji juu ya nyumba yake.

Breki inavyofanya kazi

Katika winchi ya umeme iliyoundwa kwa kunyanyulia, breki haisubiri umeme ili ifunge. Springi huikandamiza wakati wote. Mota inapowashwa, ndipo sumaku ya umeme huivuta na kuiachia. Umeme ukikatika, springi hufunga na mzigo hubaki ulipo. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika katika lifti za majengo marefu na katika winchi za migodini zinazoshusha wachimbaji. Katika winchi za migodini, breki hushika ngoma yenyewe ya kamba, kwa kuwa breki iliyo kwenye mota pekee haisaidii kitu giaboksi ikivunjika.

Winchi ya gari si ya kunyanyulia

Winchi ifungwayo mbele ya gari imeundwa kulikokota gari lililokwama. Paundi 12,000 zilizoandikwa juu yake, yaani takriban tani 5.4, ni nguvu ya kuvuta kamba ikiwa katika mzunguko wa kwanza wa ngoma. Kadiri kamba inavyojikunja juu yake, nguvu hupungua. Watengenezaji huonya katika vitabu vya maelekezo kwamba isitumike kunyanyulia watu. Namba hiyo kubwa, basi, isimshawishi yeyote kumshusha fundi kisimani.

Ufanye nini dukani

1. Soma kibao cha mtengenezaji. Winchi ndogo nyingi huwa na namba mbili, kwa mfano kilo 250/500. Namba kubwa hupatikana tu kamba inapopitishwa kwenye kapi na kurudishwa juu. Kwa kamba moja, kikomo ni kilo 250.

2. Omba winchi ijaribiwe ikiwa na mzigo. Mzigo usimamishwe ukiwa juu kidogo ya sakafu, kisha umeme ukatwe. Ukiendelea kuteremka, usinunue.

3. Kwa winchi ya mkono, muuzaji auinue mzigo kidogo, aachie mpini na kusogea kando. Winchi isiyo na breki itaurudisha mpini kwa kasi inayoweza kuvunja mkono.

4. Dai risiti, na utake aina ya winchi, uwezo wake na matumizi uliyomweleza muuzaji viandikwe.

Haki yako

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukiuziwa winchi ya kukokotea kwa maelezo kwamba ni ya kunyanyulia, hifadhi risiti na kibao chake, kisha uwasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Shaka juu ya ubora wa bidhaa ipelekwe Shirika la Viwango Tanzania.

Hata breki iliyo nzima huchakaa. Kwa hiyo, mtu yeyote asisimame chini ya mzigo unaoning'inia, wala asipandishwe kwa winchi iliyotengenezwa kwa ajili ya mizigo.