Reale ya 1780 Mbele ya Maji, Umeme na Eksirei

Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki tarehe 29 Novemba 1780, lakini sarafu yake kubwa ya fedha haikuzikwa naye. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Ethiopia na Uarabuni walikuwa wameizoea sura ile kiasi cha kukataa nyingine, kwa hiyo viwanda vya sarafu vikaendelea kuipiga kwa mwaka uleule, 1780. Kiwanda cha Vienna kinaipiga hadi leo. Kwa watu wa pwani ilikuwa reale ya Sham. Unguja ya Seyyid Said ilihesabu kwa reale pembe za ndovu, karafuu na nauli za majahazi, na masonara wa pande zote mbili za bahari waliziyeyusha wakafulia bangili, mitali na mapambo ya majambia.

Sarafu isiyobadilika mwaka ni neema kwa mghushi. Mwaka 1935, wakati Italia ikijiandaa kuivamia Ethiopia, serikali ya Mussolini ilipata kwa Austria haki ya kupiga reale hizo Roma. Uingereza haikukubali kuachwa nyuma: London ilianza mwaka 1936, kisha zikafuata Bombay na Birmingham. Paris na Brussels nazo zilipiga zao. Nyingi ya hizo zilikuwa na fedha kamili kama za Vienna. Mtu anayetoa reale leo katika kasha la bibi yake anaweza kuwa ameshika sarafu ya Austria, ya Roma, ya London, au kipande cha bati kilichopakwa fedha juu. Mwaka ulioandikwa juu yake haumsaidii kitu.

Kinachomsaidia ni vipimo. Reale halali ina uzito wa gramu 28.07 na upana wa milimita 40 hivi. Katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha, na zilizobaki ni shaba, ambayo huipa sarafu ugumu.

Wazee hawakuwa na maabara, lakini hawakuwa wajinga wa kazi hii. Waliiangusha sarafu juu ya jiwe wakasikiliza, kwa sababu fedha iliyochanganywa na shaba hulia kwa sauti ya juu inayokawia kufa, hali risasi hutoa mlio mfupi, mzito. Walihesabu lulu katika bruchi ya malkia. Walipapasa ukingo, palipoandikwa kwa Kilatini maneno ya haki na huruma, kwani anayemimina sarafu kwenye kalibu hupata shida kuyatoa maandishi yale safi. Sayansi haijazitupa mbinu hizi. Leo kuna programu za simu zinazopima marudio ya mlio na kuyalinganisha na yale yanayotarajiwa kwa sarafu ya upana, unene na madini fulani.

Baada ya sikio, yafaa kuuliza maji. Fedha tupu ina uzito wa gramu 10.49 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na shaba gramu 8.96. Mchanganyiko wa reale huangukia karibu na 10.2. Sonara mwenye mizani ya kusoma hadi sehemu ya mia ya gramu anaweza kuupima hivi: anaweka glasi ya maji juu ya mizani, anaisawazisha isome sifuri, kisha anaining'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala kando. Namba itakayotokea ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Kwa reale nzima namba hiyo haina budi kuwa karibu na gramu 2.75. Sarafu ya shaba na nikeli, hata ikitengenezwa kwa uzito uleule wa gramu 28.07, itasukuma zaidi ya gramu 3.1 za maji, kwa kuwa imelazimika kuwa nene au pana zaidi ili kufikia uzito huo. Ni kipimo cha dakika chache. Hakiharibu kitu, na hakihitaji mtu aliyesomea kemia.

Lakini mghushi naye amesoma. Risasi ni nzito kuliko fedha na bati ni jepesi. Ukiyachanganya kwa kiasi chake unapata kipande chenye msongamano wa fedha kabisa, ukikipaka fedha juu kinapita mtihani wa maji. Molibdenamu, metali inayotumika katika chuma kigumu, ina msongamano wa 10.28, karibu sawa na reale. Hapo mizani peke yake inashindwa. Mchanganyiko wa risasi na bati utaumbuliwa na mlio wake uliokufa na ulaini wake. Molibdenamu utaijua kwa mawimbi ya sauti: mawimbi hayo hupita ndani yake kwa kasi ya zaidi ya mita 6,000 kwa sekunde, wakati katika fedha hayafiki 4,000.

Umeme nao una neno lake. Hakuna metali inayopitisha umeme vizuri kuliko fedha, na shaba huifuata kwa karibu, kwa hiyo mchanganyiko wa hizo mbili hubaki mpitishaji mwema. Ukitia nikeli, uwezo huo huporomoka. Wauzaji wengi wa sarafu sasa wana vifaa vidogo vinavyotuma uga wa sumaku unaogeukageuka ndani ya sarafu na kusoma mkondo unaoamka humo, hata sarafu ikiwa ndani ya kifuko cha plastiki. Wengine hutumia sumaku yenye nguvu tu: ukiiacha iteleze juu ya kipande cha fedha kilichoinamishwa, hushuka polepole kana kwamba inavutwa nyuma, ingawa fedha haishiki sumaku. Wanaoridhika kuona kwamba sarafu "haikushika sumaku" wanajidanganya. Shaba yenye robo ya nikeli haishiki sumaku, na ndiyo inayotumika kughushia mara kwa mara.

Kifaa kinachoheshimiwa kuliko vyote madukani ni cha eksirei, kinachoshikwa mkononi mfano wa bunduki fupi. Mionzi yake hung'oa elektroni za ndani kabisa za atomu; elektroni nyingine zikishuka kuziba pengo, atomu hutoa mionzi yake yenyewe. Kila elementi ina nishati yake: fedha hujitambulisha kwenye kiloelektronivolti 22, shaba kwenye 8. Katika muda mfupi kioo kinaonyesha asilimia za kila metali, na mnunuzi anaamini kila kitu anachokisoma.

Asiamini upesi. Mionzi hiyo hurudi kutoka kwenye ngozi ya sarafu tu, kina kisichozidi sehemu ndogo ya milimita. Sarafu iliyopakwa fedha nene kwa umeme itasomeka kuwa fedha safi. Hata sarafu halali hudanganya, kwani shaba iliyo juu huliwa na tindikali na udongo, fedha ikabaki peke yake usoni. Wanahistoria waliyalipia haya. Katika miaka ya 1970, David Walker alipima maelfu ya sarafu za fedha za Roma kwa eksirei. Baadaye Kevin Butcher na Matthew Ponting walichukua sarafu za namna hiyo, wakazitoboa ukingoni kwa keekee nyembamba, wakatupa unga wa juu na kupima wa ndani. Matokeo yao, yaliyotoka kitabuni mwaka 2014, yalionyesha kwamba Kaizari Nero alipoishusha fedha mwaka 64 aliifikisha kwenye asilimia 80, chini sana ya ilivyosomeka usoni. Ukweli wa uchumi wa dola nzima ulikuwa umejificha chini ya ngozi nyembamba ya sarafu.

Ndani humohumo kuna ushahidi mwingine, na huu unaigusa reale moja kwa moja. Fedha iliyosafishwa kwa njia za kale kwa kawaida hubaki na chembe za dhahabu, risasi na bismathi, kwa sababu kuzitenganisha zote kulikuwa kazi ngumu na ghali. Usafishaji kwa umeme ulipoenea mwishoni mwa karne ya 19, dhahabu hiyo ilianza kukusanywa yote. Reale ya 1780 isiyo na dhahabu hata kidogo karibu hakika imepigwa zaidi ya miaka mia moja baada ya malkia kufa. Si lazima iwe ghushi, maana huenda ni ya London au Vienna ya karne ya 20, lakini anayeiuza kwa bei ya sarafu ya uhai wa malkia ameshikwa.

Kuna mtego mbaya kuliko hiyo yote: ghushi ya fedha halisi. Nchini Marekani, dola za Morgan zenye alama ndogo ya "O" za miaka ya 1896, 1900 na 1902 zilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa sarafu adimu za kiwanda cha New Orleans. Mwaka 2005 PCGS, kampuni ya kukagua sarafu, ilitangaza kwamba ni ghushi, baada ya wataalamu kugundua kasoro zilezile zikirudiwa kwenye sarafu za miaka tofauti, jambo lililoonyesha kwamba zilitoka katika mikono ileile. Mghushi alitumia fedha nzuri na bado akapata faida, kwa kuwa fedha ndani ya dola moja miaka ile ya 1890 ilikuwa na thamani ya karibu nusu dola. Maji, umeme na mlio visingemkamata. Darubini ndiyo iliyomkamata.

Kwa mwenye reale ya urithi, mpangilio wa vipimo ni jambo la kuzingatiwa. Tindikali ya sonara huacha doa lisilofutika, na kusugua sarafu kwa majivu au dawa ya meno huondoa ngozi ambayo wapimaji wanaihitaji na kushusha bei kwa wakusanyaji. Aanze na mizani, glasi ya maji na mlio. Afuate kifaa cha umeme. Eksirei ije baadaye, ikisomwa pande zote mbili na ukingoni, hasa palipochakaa, kwa sababu hapo ndipo shaba ya ndani hujitokeza kwanza.